Masale Yaliyotembea

Njia yetu ya kwenda bwawani ilitengenezwa na viboko. Hilo niliambiwa na mzee aliyeniuzia kiwanja, siku ya kwanza aliyonileta huku Boko kunionyesha mipaka, nikadhani anamtania mgeni. Akaniambia nitazame chini. Kulikuwa na vijia viwili vilivyokwenda sambamba, na katikati yake ukanda mwembamba wa majani, kama njia ya gari mahali ambapo gari halijawahi kufika. Kiboko, alisema, ana tumbo pana na miguu mifupi. Miguu ya kushoto inakanyaga huku, ya kulia inakanyaga kule, tumbo linapita juu ya majani ya katikati. Viboko wa tangu enzi walitoka majini kwenda kula nyasi wakarudi palepale, na watu walipokuja kuishi hapa walivikuta vijia vimeshachimbika, wakavifuata.

"Ndiyo maana sie huku hatufuatani kama siafu," aliniambia. "Wewe shika hicho, mie nishike hiki, tuzungumze."

Tukashuka hivyo hadi bwawani, kila mtu na kijia chake. Yeye alikuwa mtu wa hapahapa. Babu yake na babu wa babu yake wamelala kwenye makaburi yaliyo mwisho wa njia, juu kidogo ya maji. Mimi nilikuwa nimetoka mlimani, Kilimanjaro, nina cheti cha kidato cha nne na kazi ya ukarani wa bohari mjini, na mke na watoto tuliobanana katika vyumba viwili vya kupanga Mwananyamala. Nilichoona siku ile ni nafasi. Yeye alikuwa ananionyesha kitu kingine, na sikukiona hadi nilipozeeka.

Tulipofika makaburini akageuka kutazama tulikotoka. "Hata tukifa tunapita kama kiboko," alisema akicheka. "Wabebaji wa kulia kijia kile, wa kushoto kijia hiki, jeneza katikati. Hakuna anayejikwaa."

Nieleze njia ilivyokuwa, maana anayeipita leo hawezi kukisia. Upande wa kulia ukishuka kulikuwa na mikindu, imesimama vichaka vichaka, mashina membamba matano au sita yameegemeana. Upande wa kushoto mikoche, na mkwaju mmoja mkubwa uliokuwa ukidondosha ukwaju mpaka majani yakawa yananata. Kwarara, ndege wa kelele, walilala kwenye mikoche, na alfajiri walipoamka hakuna aliyehitaji saa. Masika maji ya bwawa yalipanda hadi nusu ya njia, na kambale walionekana wakijivuta kwenye majani kama watu waliopotea. Yangeyange waliwasubiri pale kwa mguu mmoja. Viboko walikuwa wamebaki wachache, lakini walikuwapo, na utaratibu ulijulikana na kila mtu: magharibi ikishaadhiniwa, njia si ya watu tena. Ukiwa na shida ya maji, utasubiri kuche.

Na kulikuwa na ukindu. Akina mama wa hapa walikata makuti machanga ya mkindu kwa zamu, moja kwa kila shina, wakauacha moyo wake ili mti uendelee. Waliyachana wakayaanika kwenye ule ukanda wa majani katikati ya njia, kwa sababu hapo jua lilifika bila kizuizi na hakuna aliyepakanyaga. Ungeshuka asubuhi ungekuta ukindu umelazwa kwa hatua nyingi, mweupe mweupe, na watu wanapita pande zote mbili wakisalimiana juu yake. Baadaye ulichemshwa na rangi, ukasukwa kanda ndefu za ukili, ukili ukashonwa mikeka. Mke wa yule mzee ndiye aliyekuwa fundi wao. Sikumbuki kumwona akiwa amekaa bila ukili mkononi. Alisuka akiongea, alisuka akigombana, na nadhani alisuka akiwa usingizini.

Mzee alisimama kwenye mkindu mmoja akaugonga kwa kiganja. "Kutoka mkindu huu hadi ule pale chini, ndani ni kwako. Njia si yako wala si yangu."

Nikakubali. Tukapeana mikono.

Kosa la kwanza nililifanya kwa kutojua, na hilo huwa najisamehe kidogo. Kwetu mlimani mpaka ni isale. Ni mmea wa majani marefu ya kijani, hausumbui, haufi upesi, na mtu akiuona umepangwa mstari anajua kwamba hapa ndipo kwa fulani panapoishia. Kung'oa isale la jirani ni jambo ambalo watu wazima hulitaja kwa sauti ya chini. Isale hilohilo ndilo la kuombea msamaha. Ukimkosea mtu, unafunga fundo kwenye jani lake unampelekea, na yeye, hata kama moyo wake unachemka, hawezi kulikataa. Basi nilipohamia nilileta vipande vya masale kutoka nyumbani, nimevifunga kwa majani makavu ya mgomba, nikateremka navyo Ubungo kutoka kwenye basi la mikoani huku watu wananiuliza ni dawa ya nini. Nikakata ile mikindu yote ya mpakani, ambayo kwa macho yangu ilikuwa pori, nikapanda masale mahali pake, palepale kwenye mstari.

Mama wa ukindu, yule mke wa mzee, alipita asubuhi ile akiwa na kisu chake kidogo. Alisimama akatazama mashina yaliyolala.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba. Mangi, hii miti imekukosea nini?"

"Nasafisha mpaka, mama."

"Mpaka si ndiyo hiyo uliyokata?"

Nikamwonyesha masale yangu, nikamweleza kwa fahari kidogo. Aliinama akashika jani moja, akalivuta kati ya vidole kama anayepima kitambaa, akajaribu kulichana. Likakatika vibaya. "Halisukiki," alisema, akaenda zake kutafuta ukindu mbele zaidi. Kuanzia hapo aliniita Mangi, jina ambalo watu wa hapa huwapa wenzetu wenye maduka. Sikuwa na duka, lakini sikuona sababu ya kubisha.

Tukawa majirani wazuri. Hili lisomwe kama lilivyo, maana ndilo linaloniuma. Mume wake alinisaidia kuchimba kisima. Mke wangu alipojifungua mtoto wetu wa mwisho, mama wa ukindu ndiye aliyekuja na maji ya moto na maneno ya kumtia moyo, na mtoto alilazwa kwenye mkeka wake mpya. Mwaka fulani nikanunua ng'ombe wa maziwa, kama mtu yeyote wa kwetu anayejiheshimu, nikaanza kumjengea banda. Nyuma kulikuwa na majimaji. Pembeni kulikuwa na choo. Palipobaki ni upande wa njia, na banda lilipungukiwa hatua moja.

Sikuyang'oa masale yote kwa siku moja. Ningeyang'oa hivyo, ningekuwa mwizi mjinga. Ilikuwa mvua za vuli, udongo umelainika. Leo niliyasogeza matatu, kesho kutwa manne, nikiwa na jembe na ndoo kama mtu anayetunza bustani. Watu walipita wakanipa pole ya kazi. Baada ya majuma machache mstari mzima ulikuwa umesogea hatua moja nzuri kuingia njiani, na kile kijia cha kulia, cha viboko, kikawa ndani ya banda la ng'ombe wangu.

Nilijua ninachofanya. Mtu wa hapa hasomi masale. Kwake ni maua. Niliiba kwa maandishi ambayo niliyajua peke yangu, au nilidhani hivyo. Mke wangu ni wa mlimani pia. Jioni moja alitoka kumwaga maji ya vyombo, akasimama muda.

"Masale yametembea," alisema.

"Yamekua."

"Yangekua yangepanda juu." Akaingia ndani. Tangu siku ile hakuyamwagilia tena hata kiangazi kilipokuwa kikali. Nilifanya mwenyewe.

Yule ng'ombe alikuwa mzuri. Kila asubuhi nilipeleka chupa ya maziwa kwa mzee na mkewe, na mzee alinishukuru kila asubuhi. Alikuwa akinywa maziwa ya ng'ombe aliyesimama juu ya njia ya babu zake. Hakuniambia neno. Sasa naamini aliona tangu siku ya kwanza, maana mtu aliyegonga mkindu kwa kiganja chake hawezi kusahau ulikuwa wapi. Nadhani alikuwa ananisubiri nione haya.

Badala yake nikajenga ukuta wa tofali kwenye mstari ule mpya.

Njia ikabadilika. Kilibaki kijia kimoja na kipande cha majani, na majani yale yakakanyagwa yakaisha, kwa sababu watu wakikutana ilibidi mmoja apishe. Ukindu haukuanikwa tena njiani. Kila mama akawa anaanika uani kwake, peke yake. Watu wakaanza kufuatana kama siafu. Anayetembea mbele hawezi kuzungumza vizuri na aliye nyuma, basi wakaacha kuzungumza. Sijawahi kusikia mtu akilalamikia hilo, kwa kuwa hakuna anayelalamikia mazungumzo ambayo hayakuwapo. Wengine wakaniiga. Waliojenga baada yangu waliuona ukuta wangu wakapanga na wao msingi hapohapo, wakisema Mangi ni wa siku nyingi, anajua mpaka ulipo. Viboko nao walipungua, halafu wakaacha kuonekana. Hao siwezi kujibebesha peke yangu, lakini sidhani kama nilisaidia.

Kisha mzee akafa.

Alifariki alfajiri, na kabla ya adhuhuri watu walishajaa. Majamvi yalitandikwa uani, wanawake wakakaa na mjane. Kwa watu wa hapa wanawake hawaendi makaburini. Wanabaki na msiba nyumbani. Sisi wanaume tukatoka na jeneza, watu wakipokezana mabegani, tahlili inakwenda kwa sauti moja. Mimi ni Mkristo, lakini huyu alikuwa jirani yangu, nikavaa kofia nikafuata nyuma.

Tulipofika kwenye ukuta wangu, jeneza halikupita.

Yaani lilipita, lakini si kwa heshima. Mabega ya kushoto na ya kulia hayakuenea. Ilibidi walishushe kutoka mabegani hadi mikononi, wabebaji wa upande wa ukuta watoke, na walio mbele walipokee kwa kurudi kinyumenyume. Tahlili ikakatika. Badala yake nikasikia "shika huko," "inua kidogo," "taratibu, ukuta," kama watu wanaohamisha kabati. Kona ya jeneza ilikwaruza tofali. Kijana mmoja aliyekuwa kando yangu akanong'ona, "Nani kajenga hivi?" Mwenzake akamkanyaga mguu. Walipovuka, wakalipandisha mabegani, na tahlili ikaanza upya.

Ningeweza kwenda kesho yake na nyundo. Sikwenda. Nilipaka chokaa pale kwenye mkwaruzo.

Miaka imepita. Ng'ombe alishakufa zamani, banda limejaa viti vibovu na madebe. Watoto wangu wamehama, kila mmoja na mji wake. Kazini nilistaafu. Tumebaki mimi na mke wangu, na ng'ambo ya njia amebaki mama wa ukindu, ambaye sasa ni bibi wa watu wengi, mgongo umepinda, bado anasuka. Mikindu imebaki kidogo karibu na maji, na anakwenda kuikata mwenyewe kwa sababu hamwamini mtu mwingine kuuacha moyo wa mti.

Majuzi binti mmoja kutoka ofisi ya mtaa alikuja na simu na kamba ya kupimia. Wanaandikisha njia zote za mtaa, kila moja na jina lake na upana wake.

"Shikamoo, babu," alisema. "Hii ni ya gari au ya miguu?"

"Ya miguu."

"Na upana wake tangu zamani ni huuhuu? Naambiwa wewe ndiye wa muda mrefu."

Wakati huohuo bibi alikuwa anapanda kutoka bwawani, mzigo mdogo wa makuti kichwani, akasimama kupata pumzi. Alinitazama. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama unavyomtazama mtu aliyeshika kikombe chako, ukisubiri akurudishie.

"Ni huuhuu," nikasema.

"Andika, mwanangu," bibi akamwambia binti. "Mzee keshasema."

Binti akaandika, akatushukuru, akaendelea na njia nyingine. Bibi akaweka mzigo chini.

"Mangi, nina swali moja tu."

"Sema, mama."

"Mie siku yangu haiko mbali. Wakifika hapa kwako na mie, watanipitisha kichwa mbele au miguu mbele?"

Nikaugeukia ukuta.

"Nauliza kwa sababu siku ya mume wangu sikuwapo hapa. Nilikuwa nimekaa kwenye jamvi. Sisi tunasindikiza kwa masikio. Nilikuwa namfuata kwa ile sauti, hatua kwa hatua, sasa yuko kwenye mkwaju, sasa yuko kwa Mangi. Halafu sauti ikakatika. Wenzangu wakanyamaza. Nikasema moyoni, wamemwangusha. Nikakaa hivyo, Mangi. Sijui nilikaa muda gani. Mpaka leo kuna siku nakaa hivyo." Akainama kuuchukua mzigo wake. "Basi na wanangu nao watasikia hivyohivyo. Nilitaka tu kujua kichwa au miguu, niwaambie mapema."

Akavuka kwenda kwake. Nilibaki nimeshika ukuta kama mlevi.

Mke wangu alikuwa amesikia yote kutoka jikoni. Alitoka akaenda kwenye masale, yale niliyoyasogeza kwa mkono wangu, akachuma jani moja zuri, akalifunga fundo, akanipa.

"Hajui hili ni nini," nikamwambia.

"Wewe unajua."

Nilikwenda asubuhi iliyofuata. Bibi alikuwa amekaa barazani, miguu imenyooshwa, ukili unarefuka pajani mwake. Nikapiga hodi, nikamwamkia, nikakaa kwenye mkeka bila kuambiwa, nikaliweka jani mbele yake kwa mikono miwili. Nikamweleza maana yake. Nikamweleza na lile la kuhamisha, siku kwa siku, matatu leo, manne kesho kutwa. Nilikuwa sijawahi kulisema kwa mdomo, na lilipotoka lilikuwa dogo na baya kuliko lilivyokuwa ndani.

Hakuacha kusuka.

"Kwa hiyo ukishanipa hili jani, siruhusiwi kukataa?"

"Kwetu huruhusiwi."

"Na hapa ni kwenu?"

"Hapa ni kwenu, mama."

"Ahaa." Akasuka kidogo. "Tulijua, Mangi. Usidhani tulikuwa vipofu. Nabeba ukindu kichwani njia ile tangu nikiwa mwari. Siku moja mzigo wangu ukagusa majani yako. Jana yake haukugusa. Nikamwambia mume wangu, maua ya Mangi yananipiga kofi. Akasema, mwache, atayarudisha mwenyewe, ni mtu wa kanisa."

Hapo nilishindwa kumtazama.

"Akawa anakunywa maziwa yako anasubiri," aliendelea. "Nilikuwa namwambia, utakunywa mpaka meno yaishe. Na kweli yaliisha." Akacheka kidogo, kisha akalichukua lile jani, akalizungusha, akalitia chini ya mkeka aliokalia. "Jani nimepokea. Kumbe ni rahisi hivyo kwenu. Ukuta je?"

"Nauvunja."

"Lini?"

"Kesho."

"Leo una kazi gani?"

Nilianza siku ileile. Nilianza mwenyewe, na baada ya tofali chache mafundi wawili waliokuwa wakijenga kwa jirani walinionea huruma wakaja na nyundo zao. Chini ya banda, tulipoondoa sakafu, udongo ulikuwa mgumu na umebonyea kwa urefu, ukanda mzima. Fundi mmoja akasema huenda ni mfereji wa zamani. Nikamwambia ni kijia. Nikamwambia cha nani. Akamwangalia mwenzake, akadhani jua limeniingia kichwani.

Masale niliyarudisha kwenye mstari wake wa kwanza. Mikindu siwezi kuirudisha. Nimeomba miche kule bwawani nikaipanda kati ya masale, bibi mwenyewe akinionyesha ya kuchukua na ya kuacha, na haijafika hata magotini. Itakapofaa kukatwa ukindu, mimi na yeye hatutakuwapo. Ofisini kwa mtaa nilikwenda pia nikamwambia yule binti kwamba nilidanganya. Alinisikiliza kwa adabu, akasema taarifa zimeshapelekwa mbele, lakini ataandika barua. Nikaomba na mimi niandike. Tumeandika mbili. Majirani walionifuata kujenga wamezisikia habari zangu. Mmoja amesema atafikiri. Mwingine hanisalimii.

Kwa bibi, kuvunjwa kwa ukuta hakukutosha. Alitaka kusikia.

"Nitajuaje kuwa panapita?" alisema. "Hata yule binti ulimwambia upana ni huuhuu."

Jeneza la msikiti haliwezi kutolewa kwa majaribio, na hakuna aliyethubutu kuuliza. Lakini alikuwa na kitanda cha kamba cha mume wake, cha miguu minne, kizito, kipana kidogo kuliko jeneza. Akaagiza kitolewe. Ijumaa baada ya swala wajukuu zake wakubwa na wale mafundi wawili walikibeba mabegani, na mimi nikaomba kushika mguu mmoja wa nyuma, upande wa kulia. Nilikuwa mfupi kuliko wote, wakanitania kwamba marehemu atateleza aje kwangu. Bibi alibaki uani. Aliagiza jamvi litandikwe palepale lilipotandikwa siku ile, akakaa, akaweka ukili chini. Mke wangu akakaa naye.

"Msinyamaze njiani," alitwambia. "Semeni chochote. Lakini msinyamaze."

Tukatoka. Mwanamke mmoja aliyekuwa anafagia akashika kiuno. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu," mjukuu akamjibu. "Anapimwa Mangi."

"Mbona Mangi mwenyewe kabeba?"

"Ndiyo maana hatujui nani amelala humu."

Walicheka, wakaanza kubishana kuhusu mechi ya jana, kwa sauti ya watu wanaotaka kusikika mbali. Mmoja akasema kipa alilala. Mwingine akasema kipa halali, mabeki ndio waliolala. Tukapita mkwaju. Nilianza kuhesabu hatua moyoni. Tulipofika pale ukuta ulipokuwa, niliona mguu wangu unaingia kwenye kijia cha zamani, ule udongo uliobonyea, na aliye upande wa pili yuko kwenye cha kwake, na kitanda kiko katikati juu ya udongo mtupu ambao haujaota majani bado.

Walikuwa wamesahau kwamba ndipo mahali penyewe. Waliendelea tu kubishana kuhusu kipa. Mimi peke yangu ndiye niliyenyamaza, kisha nikakumbuka nilichoagizwa, nikasema kwa nguvu kuliko nilivyokusudia kwamba kipa hana kosa, kosa ni la aliyempanga. Wakacheka. Tukaenda hivyo hadi makaburini, tukakishusha kitanda karibu na kaburi la mzee, kila mtu akishika bega lake.

Niliporudi, bibi alikuwa ameshachukua ukili wake. Mke wangu alikuwa anajifunza kuchana ukindu na vidole vyake vimekatikakatika.

"Vipi, mama?" nikauliza.

"Kipa hana kosa," alisema bila kuinua macho. "Nimewasikia mpaka chini."